Makofi ya Mweka Hazina

Mkaguzi Mwingereza alipoletwa na wafadhili kukagua hesabu za kikundi chetu cha kuweka na kukopa, huko Rombo, mkalimani nilikuwa mimi. Malipo: soda na nauli ya bodaboda.

Mweka hazina akaulizwa risiti za mbolea ziko wapi. Akasimama, akavua kofia, akakohoa. Risiti, alisema, alizificha ndani ya debe la mahindi ili wezi wasizione. Panya wakaingia, wakala risiti. Mahindi hawakuyagusa.

Nikatafsiri yote, uso mkavu. Mkaguzi akasukuma miwani juu, akasema neno moja: "Plausible."

Waingereza na adabu zao! Kamusi itakwambia ni jambo linaloweza kusadikika, lakini kwa sauti ile alimaanisha kwamba uongo huu umepigwa pasi vizuri. Bado natafuta namna ya kulisema hilo bila kuvunja undugu (mweka hazina ni mkwe wetu), Mwalimu akainuka na fimbo yake. Mzee huyu alifundishwa Kilatini seminari, na tangu hapo hajapata wa kuongea naye.

"Kijana, kaa chini! Plausibilis! Limetoka kwenye plaudere, kupiga makofi. Mgeni anasema maelezo haya yanastahili makofi!"

Kwa Kilatini hakukosea hata kidogo, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Waingereza walipolichukua neno hilo karne ya 16, kweli lilikuwa la kitu kinachostahili kushangiliwa. Baadaye likahamia kwenye kitu kinachosikika kama kweli, na siku hizi mara nyingi halikosi shaka ndani yake. Lakini ningemweleza nani? Makofi yalishaanza. Akina mama wakapiga vigelegele, mmoja akamtupia mweka hazina kanga mabegani. Mkaguzi, maskini, akadhani anashangiliwa yeye. Akainama kushukuru.

Mwalimu naye hakuketi. Akaeleza kwamba vichekesho vya jukwaani kule Roma viliishia kwa kuwaambia watazamaji "plaudite", pigeni makofi. Hata Kaisari Augusto, mwaka 14 akiwa kitandani anakata roho, inasimuliwa aliwauliza rafiki zake kama ameigiza vizuri, na kama ndivyo, basi wampigie makofi. Mimi natafsiri tu, jasho linanitoka.

Mkaguzi akafunga daftari. Akalifungua tena. Akauliza: na zile pini zilizobana risiti, panya walizila pia?

Ukumbi kimya. Mweka hazina akafikiri.

"Pini waliondoka nazo panya buku."

"Explodere!" Mwalimu akagonga fimbo sakafuni. Warumi, kumbe, walikuwa pia na makofi ya kumfukuza mwigizaji mbovu jukwaani, na Waingereza wakapata humo neno lao la kulipuka. "Haya, wanakijiji, makofi ya kumtoa!"

Tukapiga. Shida ni kwamba makofi ya kumtoa mtu na ya kumpongeza yana mlio uleule. Mweka hazina akatoka nje taratibu, kanga mabegani, akitupungia mkono kama mbunge aliyepita bila kupingwa.

Katibu akaandika kwenye muhtasari: "Maelezo ya mweka hazina yalipokelewa kwa makofi, mara mbili." Kisha akanikabidhi karatasi, niutafsiri kwa Kiingereza upelekwe kwa wafadhili.