Roki ya Dodoma: nani kavunja kanuni ya nani?

Vidio yenyewe haifiki dakika tano. Wanafunzi wa fani ya habari katika chuo kimoja hapa Dodoma wameitengeneza kama kazi ya darasa, ambamo mwalimu huangalia kanuni zipi za vidio ya muziki zimefuatwa na zipi zimevunjwa: bendi ya vijana wanne, wavulana watatu na msichana mmoja kwenye dramu, wanapiga roki juu ya majabali ya pembezoni mwa mji. Katikati ya picha za bendi inapita hadithi fupi ya mwanafunzi anayesubiri bumu, yaani fedha ya kujikimu, na haliingii. Tangu vidio ianze kupita simu kwa simu, watu wamegawanyika. Kuna wanaosema ni mwigo mtupu, vijana wamejivika majaketi ya ngozi ya mtumba ili wafanane na Wazungu wa miaka ya tisini. Kuna wanaoona ni ujasiri, kwamba hatimaye kuna walioachana na magari ya kuazima na majumba ya kukodi kwa saa tuliyozoeshwa na vidio za Bongo Fleva.

Kila upande umegusa jambo la kweli, ila umelibandika pasipo pake. Pale vijana wanapolaumiwa kwa kuiga ndipo walipoleta jipya zaidi kwa mtazamaji wa hapa. Na pale wanapopigiwa makofi kwa kuvunja kanuni, wamefanya jambo la kawaida kabisa.

Vidio ya roki ina mazoea yake. Yalikomaa baada ya MTV, kituo cha televisheni cha muziki, kuanza kurusha matangazo Marekani, Agosti 1981, ingawa mengine yalikuwapo kabla. Bendi lazima ionekane ikipiga. Kamera isogee hadi kwenye vidole, nyuzi, jasho, mdomo uliogusa maikrofoni. Picha zikatwe kwa kufuata dramu. Mavazi yawe meusi, mwanga hafifu, mahali pawe jengo lililotelekezwa au nyika, na awepo mtu mwenye hasira na mamlaka fulani. Andrew Goodwin, mtafiti aliyeziandikia vidio za muziki mwaka 1992, aliongeza swali la uhusiano wa picha na maneno: je, picha inayaonyesha maneno ya wimbo, inayakuza, au inakwenda kinyume nayo? Walimu wa habari bado wanamtumia wanaposahihisha kazi za aina hii.

Kwa vipimo hivyo, vijana wetu ni watiifu mno. Karibu nusu ya vidio ni bendi ikipiga. Gitaa la umeme linalia juu ya jabali bila waya wala spika, na watu wamelicheka hilo sana. Lakini nalo ni desturi ya siku nyingi. Katika "November Rain" ya Guns N' Roses, 1992, Slash, mpiga gitaa wa bendi hiyo, anatoka nje ya kanisa na kupiga solo nyikani, gitaa lake halijaunganishwa na chochote, na mashabiki wa roki hawajawahi kuuliza umeme ulitoka wapi.

Sasa mpe vidio hiyohiyo kijana wa Chang'ombe au Majengo aliyekulia kwenye Bongo Fleva na singeli. Kitakachomshangaza ni ala. Katika vidio nyingi anazozijua, muziki umetengenezwa kwenye kompyuta ya prodyuza. Mbele ya kamera yupo mwimbaji na wachezaji wake, na aliyepiga hiki au kile haonekani, kama yupo. Hapa anamwona mtu akipiga solo kutoka mwanzo hadi mwisho, uso umekunjamana, na kamera haibanduki hata kidole kinapochelewa kufika kwenye uzi. Mwalimu wa habari ataiandikia picha hiyo "amefuata kanuni" na kugeuza ukurasa. Kwa mtazamaji wa Dodoma mwaka huu, ni picha adimu.

Adimu, lakini wala si ngeni. Wanaosema gitaa la umeme ni la Wazungu wamesahau reli ya kati ilivyokuwa na miji yenye bendi: Morogoro Jazz, ambako Mbaraka Mwinshehe alijijengea jina la mpiga solo kabla ya kufariki mwaka 1979, na huko mbele Tabora Jazz. Wapenzi wa muziki wa dansi uliopigwa na bendi hizo walijua nani yuko kwenye solo, nani rithimu, nani besi, na walibishana juu yao kama wanavyobishana leo juu ya washambuliaji wa Simba na Yanga. Jirani zetu wa Zambia walikwenda mbali zaidi. Miaka ya sabini walikuwa na roki yao wenyewe, na bendi kama WITCH na Amanaz zinatafutwa hadi leo na wakusanyaji wa sahani za santuri. Kwa hiyo kijana Mwafrika mwenye gitaa la umeme haigi mtu kwa kulishika tu.

Hata hivyo funga macho usikilize. Solo ile haina hata chembe ya dansi. Kila kipande kimetoka moja kwa moja kwenye roki ya Marekani, mpaka namna ya kuvuta uzi mwishoni mwa kila kifungu cha muziki. Hapo walalamikaji wana haki yao, na ajabu ni kwamba wengi wao hawalitaji hilo. Wamekazana na majaketi. (Kuhusu majaketi, anayecheka avae shati jepesi asimame juu ya lile jabali alfajiri ya Julai, upepo wa Dodoma ukivuma, kisha tuongee.)

Waliosifu wamemsifu zaidi mpiga dramu, na sababu yao inaeleweka. Jukwaa la roki limekuwa la wanaume kwa muda mrefu, na wapiga dramu wanawake kama Moe Tucker wa Velvet Underground au Meg White wa White Stripes hutajwa mpaka leo kwa sababu ni wachache. Ukimweka msichana kwenye dramu, umempa mwalimu jibu analolitafuta la namna kanuni ilivyovunjwa.

Lakini tuko Ugogo, nchi ya Wagogo. Hapa ngoma za muheme hupigwa na wanawake. Mpigaji huibana ngoma kati ya mapaja, huku akipiga na kuimba na wenzake, na mapigo yanapishana na kujibizana kwa namna ambayo mpiga dramu yeyote angeikalia chini kuisoma. Nenda Chamwino, si mbali na mjini, utawakuta. Kwa hiyo mwanamke na ngoma, mahali hapa, ni utaratibu wa tangu zamani. Kinachoonekana ni uasi dhidi ya roki kinakubaliana kabisa na mila ya eneo.

Je, watengenezaji walilijua hilo? Nadhani walilijua nusu. Kabla ya kiitikio cha mwisho wamechomeka muheme wenyewe: sekunde chache za wanawake wenye shanga, nyuso hazionekani vizuri, mwendo umepunguzwa, kisha tunarudi kwa bendi. Wapo walioita hiyo ndoa ya roki na asili. Mimi naiona ndiyo sehemu iliyozoeleka kuliko zote katika vidio. Muziki wa Magharibi umetumia ngoma za Kiafrika kama kiungo cha mchuzi kwa miongo mingi: unanyunyiza kidogo, kisha unaendelea na mlo wako. Na mfano wa kufanya vingine tulikuwa nao humuhumu. Hukwe Zawose, Mgogo aliyefariki mwaka 2003, alirekodi na Real World, lebo iliyoanzishwa na mwanamuziki wa roki Peter Gabriel, na sauti yake na ilimba yake, ala ya vyuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba, vilikaa mbele.

Kulikuwa na njia rahisi. Picha ingetoka kwenye mikono ya msichana juu ya dramu na kuingia kwenye mikono ya mwanamke juu ya muheme, kwa mapigo yaleyale, bila kupunguza mwendo. Mkato mmoja tu, na mtazamaji angejua yule binti ana watangulizi.

Mwenzangu mmoja anayefundisha uhariri wa picha alinipinga. Alisema Dodoma ya sasa, hasa tangu serikali ihamie, imejaa watu wa kila kabila, na huenda binti yule ni Mhaya au Mmakonde. Kwa nini abebeshwe bibi asiye wake ili tu kupiga kwake dramu kuwe na maana? Mwache awe mpiga dramu. Hoja hiyo imenipunguzia ukali, ila inaiumiza vidio zaidi kuliko inavyoitetea: kama hakuna uhusiano, wale wanawake wa muheme wanafanya nini pale?

Hadithi ya bumu imenigusa kuliko nilivyotarajia. Hasira yake haina mlengwa; tunaona skrini ya simu yenye salio lilelile, tunaona kijana akitembea kando ya reli (mwendo uliochoka katika vidio za roki), na hakuna ofisi wala mkubwa anayetajwa. Kuna waliosema ni woga. Inawezekana. Lakini tazama mwisho. Tangu Pete Townshend wa The Who aanze kuvunja magitaa jukwaani mwaka 1964, kulivunja gitaa kumekuwa ishara ya hasira ya roki. Mwimbaji wetu analiinua juu ya jabali, dramu zinapanda, anasita, analishusha taratibu na kulifuta vumbi kwa mkono wa jaketi. Gitaa ni la kuazima, na kila mwanafunzi anayeitazama analijua hilo bila kuambiwa. Hapo wameipinga kanuni kwa hali halisi ya maisha yao, bila kuhitaji shanga wala mandhari.

Rangi ya kijivu waliyoipaka vidio nzima wangeweza kuiacha. Kiangazi mibuyu imepukutisha majani na vumbi jekundu linatosha.

Limebaki jambo moja ambalo pande zote mbili zimelipita. Mwishoni majina yanapanda: dairekta, mhariri, aliyeazimisha kamera, hata mwenye bodaboda aliyebeba dramu. Wapiga muheme wameandikwa "ngoma za asili". Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, lakini hata bila sheria, wale ni wanawake wenye majina, na sauti yao ndiyo inayoingiza kiitikio cha mwisho. Kabla kazi haijakabidhiwa kwa mwalimu, majina hayo yanaweza kuongezwa.