Parachichi Limekataliwa Getini

Kwa heshima zote ninazostahili kama mzazi mlipa viingilio, naomba kuwasilisha malalamiko kuhusu hizi bustani za michezo ambamo sisi watu wa Mbeya hujazana na watoto kila Sabasaba, na hasa kuhusu lile bango la getini lisemalo kwamba chakula cha nje hakiruhusiwi.

Mama watoto alikuwa amepanga kikapu ambacho hata muuguzi wa kliniki angekipigia makofi: mayai ya kuchemsha, ndizi mbivu, maji na maparachichi. Mlinzi aliniamkia kwa adabu zote, kisha akazamisha mkono kikapuni na kuibuka na parachichi.

"Mzee, hili haliingii."

"Kijana wangu, wewe ni mwenyeji wa wapi?"

"Tukuyu, mzee."

"Mtu wa Tukuyu unazuia parachichi?"

Akanieleza kwa upole kwamba yeye binafsi hana ugomvi na tunda hilo, ila hapo kazini linahesabiwa kuwa chakula cha nje. Nami nikamfahamisha, kwa sauti ya mtu anayehutubia baraza, kwamba parachichi la Rungwe, wilaya ya huko huko kwao Tukuyu, hupakiwa kwenye makontena, likavuka bahari, likakaguliwa na Wazungu na kuingia Ulaya, hivyo ni ajabu likwame hapa, karibu namna hii na shamba lilikochumwa. Foleni ikaanza kuguna. Msimamizi alipoitwa akasema kwamba mbegu zitawatelezesha watoto, ilhali nyuma yake vizibo vya soda vilikuwa vimetapakaa uwanja mzima. Ikaamuliwa kwamba tule nje. Mlinzi akaliminya lile parachichi kwa kidole gumba, karibu na kikonyo, akatoa hukumu: "Halafu mzee, hili bado siku mbili."

Mayai tukayala tumesimama, mvuke ukitutoka midomoni kwa baridi.

Ndani kulikuwa na chipsi zilizokaangwa kwenye mafuta meusi, bisi, pamba za sukari na lambalamba. Lambalamba, Julai, Mbeya! Tikitimaji lilikuwepo pia, ila kipande kimoja kiliuzwa kwa bei ambayo sokoni Mwanjelwa ungeondoka na tikiti zima.

Tangu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba sukari, iwe ya kuongezwa au ya kwenye juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati anayopata mtu kwa siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Soda moja ya kawaida ya mililita 350 yaweza kummalizia mtoto wa darasa la kwanza hiyo asilimia 10 yote kabla hajapanda bembea. Nikaomba maji.

"Maji yamekwisha, mzee. Soda zipo."

Jamani, maji! Sikuomba muujiza, niliomba maji, na yangu mwenyewe yalikuwa yamebaki getini chini ya ulinzi mkali!

Mtu akiweka pale birika la uji wa ulezi, nasema kweli, atauza mpaka jioni, kwa sababu watoto walikuwa wanatetemeka huku wanalamba barafu. Mama watoto anasisitiza kwamba uji huo uwe wa maziwa, jambo ambalo siwezi kulipinga, ila muuza maziwa wa mtaani kwetu naye ana yake, kwani ndiye pekee ninayemfahamu katika mkoa huu ambaye maji hayajawahi kumwishia.