Wanaziita porojo

Ijumaa iliyopita tulikaa kikao cha familia Ujiji, Kigoma, kwa dada yangu, kupanga mambo ya harusi. Maneno yakahamia kwa mwanawe, mpwa wangu aliyekuwa amezama kwenye bangi (ameniruhusu niandike). Mzee mmoja ninayemheshimu akasema: "Huyu Mungu kamnusuru tu. Zile porojo mlizokuwa mnampeleka hospitali, mtu na mtu wanakaa wanaongea, hata kidonge hapewi, ile nayo ni tiba?" Watu wakatikisa vichwa kukubali. Dada akainamia ungo wa mchele. Nilinyamaza kwa adabu, ila usiku sikupata usingizi.

Tuanze na tulichokifanya kabla ya hizo porojo. Kijana alianza kuvuta bangi akiwa darasa la 7. Alipofika miaka 22 alikuwa anavua dagaa Kibirizi na siku haipiti bila misokoto mitano. Alichapwa. Akafungiwa chumbani siku 4: hataki kula, hapati usingizi, anatetemeka kwa hasira, mwisho akavunja mlango. Tukasema kichaa kimempanda. Kumbe ile ni arosto ya bangi, mwili unaidai baada ya kuizoea. Huanza siku ya kwanza hadi ya tatu baada ya kuacha, hukolea wiki ya kwanza, halafu hupoa taratibu. Tungelijua hilo tungemkalia karibu na uji, si kumfungia kwa kufuli. Kituo kimoja cha afya kikamchoma sindano ya usingizi. Alipoamka alikwenda moja kwa moja mwaloni, wanakoegesha mitumbwi, kuvuta. Jirani akatushauri methadoni, ile inayotolewa Muhimbili tangu 2011. Methadoni ni ya watu wa heroini. Kwa uraibu wa bangi, mpaka leo hakuna kidonge wala sindano iliyoidhinishwa. Tiba iliyopo ni hayo hayo maongezi.

Na si maongezi ya kijiweni. Siku ya kwanza nilikuwepo. Mnasihi alimuuliza, "Bangi inakusaidia nini?" Nilitaka kusimama nimtoe mtoto mle ndani. Lakini kijana aliongea kama nusu saa: baridi ya ziwani, kukesha, woga ulioanza tangu mwenzake alipozama. Miaka yote ile hatukuwahi kumuuliza. Ndipo akaulizwa, "Na inakunyang'anya nini?" Akakaa kimya muda mrefu, akasema, "Mama hanitumi dukani tena." Mimi nilikuwa nimemhubiria miaka 6. Sababu iliyomshika ni hiyo aliyoitamka kwa mdomo wake mwenyewe, na kazi ya vikao vya mwanzo ndiyo hiyo.

Kisha akapewa daftari. Kila hamu ikija aandike: siku, saa, yuko na nani, anawaza nini, amefanya nini. Nimelishika daftari lile, linanuka dagaa, kurasa zimevimba kwa maji. Sote tuliamini kinachomvutisha ni usiku wa ziwani. Daftari lilikataa. Usiku wa kazi alivuta msokoto mmoja, miwili. Mingi alikuwa anaivuta siku za mbalamwezi, mitumbwi imepandishwa, vijana wanashinda chini ya mti wakisubiri giza lirudi. Na jioni ya kugawana pesa.

Wakaanza kupanga kutokana na maandishi yake. Siku za mbalamwezi aende Mwandiga kufyatua matofali na baba yake mdogo. Pesa ya mgawo ifike kwa mama jioni ile ile. Hata maneno ya kuwaambia wenzake waliyafanyia mazoezi, mnasihi akijifanya rafiki mwenye msokoto mkononi: "Leo sivuti, niacheni." Walirudia mpaka akaweza kuyasema bila kuangalia chini. Akafundishwa pia kwamba hamu hupanda kama wimbi na hushuka yenyewe ukiivumilia dakika kadhaa. Mvuvi hahitaji kuelezwa hilo mara mbili.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, Mei 15 hadi Agosti 15, ndipo tulipoogopa. Miezi 3 mizima bila kazi. Alianguka mara mbili, akavuta tena. Mara ya pili hakuna aliyemkamata: alikuja mwenyewe, kaandika ukurasa mzima, akaniambia, "Mjomba, nipeleke kesho."

Nakubali, kwa uzito, kwamba si wote wanaofika hapo. Mapitio yaliyochapishwa 2016 yalikusanya tafiti 23 za tiba hii ya maongezi zenye watu zaidi ya 4,000, na walioacha kabisa hadi mwisho wa ufuatiliaji walikuwa takriban robo. Wengi wengine walipunguza. Anayesikia sauti au kuona visivyokuwepo anahitaji daktari na dawa mapema, maongezi peke yake hayatoshi. Na dua za dada yangu kila alfajiri sizibishi hata kidogo.

Lakini msiniambie ni porojo. Marekani walichukua watu 450 wenye uraibu wa bangi, wengine wakapata vikao 2, wengine 9, wengine wakasubiri kwanza bila tiba. Matokeo yakatoka 2004: wa vikao 9 walipunguza kuliko wote. Porojo haina kipimo namna hiyo. Kinachoniuma ni kwamba sisi humpeleka mtoto mara moja, tukiona hajabadilika tunarudi kwenye fimbo na polisi, na kwamba mnasihi mwenyewe ni mmoja, chumba anaazima, na vijana wa mwaloni ni mamia.

Mbalamwezi ijayo nitawapeleka vijana wawili wa mtumbwi ule ule, mpwa wangu ndiye aliyewashawishi. Kama una wako nyumbani na umechoka kupiga, njoo naye stendi ya Mwanga tuongozane. Daftari nitanunua mimi.