Hakuna aliyesema "ueni"

Mwanasiasa wa Kenya anayetaka watu wafukuzwe hasemi "ueni". Husema wageni wakumbuke kwao. Husema ardhi ya mababu imeliwa, vijana wamechoka, na lolote likitokea yeye asilaumiwe. Kisha anaingia garini na kurudi Nairobi.

Septemba 1991 viongozi wa KANU, chama tawala cha wakati huo, waliitisha mikutano ya kudai majimbo, yaani serikali za mikoa, Kapsabet na Kericho. Vyama vingi vilikuwa vinabisha hodi, nao wakawatangazia waliohamia Bonde la Ufa kwamba wakishabikia upinzani, warudi walikotoka. Oktoba haijaisha, nyumba zikaanza kuchomwa katika shamba la Meteitei, Nandi. Rais Moi alikuwa ameonya tangu mapema kwamba vyama vingi vitaleta vita vya kikabila. Vita vilipokuja, akavitumia kama ushahidi kwamba alisema kweli! Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Maneno ya kwanza yanawatuma vijana, ya pili yanamficha aliyewatuma, na majirani wanabaki kuonekana kama watu walioamka tu asubuhi wakachukiana.

Ghasia zilipozuka baada ya uchaguzi wa 2007 tuliambiwa tena ni "hasira za wananchi". Tume ya Waki ilipochunguza vifo 1,133, iliona kwamba hasira za ghafla zilikuwepo, lakini kwingine ghasia zilipangwa, wanasiasa na wafanyabiashara wakiwemo. Kule Kiambaa, nje kidogo ya mji wa Eldoret, kanisa lilichomwa tarehe 1 Januari 2008. Wengi waliokuwa ndani walikuwa wanawake na watoto waliokimbilia humo kujificha.

Januari 2022, katika Eldoret hiyohiyo, Seneta Mithika Linturi alisimama jukwaani akazungumzia kuondoa "madoadoa", neno la kuwaita waliohamia uchafu, ambalo Bonde la Ufa linalijua tangu miaka ya tisini. Alikamatwa, akaomba radhi, akaeleza kwamba alimaanisha kura. Oktoba mwaka huohuo akaapishwa kuwa Waziri wa Kilimo.

Sijui yaliyokuwa moyoni mwake, wala siamini yanahitajika. Anayeomba kura Eldoret anajua neno hilo lilifanya nini pale. Tume ya Utangamano na Uwiano, inayofuatilia matamshi ya chuki, inaweza kuwaita watu na kuwahoji mpaka kesho, lakini tiketi hutolewa na vyama na uwaziri hutolewa na Rais. Kabla ya kampeni za 2027, vyama vyote viandike kwenye kanuni zao za mchujo kwamba anayewaita raia wenzake uchafu hapewi tiketi, na sisi tunaohudhuria mikutano tuache kumpigia makofi.