Philip Waruinge alipigania mikanda isiyo yake

Kwa kinyozi ninakonyolewa, ubishi wa ndondi huishia pale pale kila mara. Mtu anamtaja Philip Waruinge, bondia wetu wa zamani, kijana mmoja anauliza, "Kwani aliwahi kuwa bingwa wa dunia?" na wazee waliokuwa wanazungumza kwa mikono wananyamaza. Kimya hicho kimeniudhi vya kutosha. Swali la kijana ni halali na linastahili jibu, si kununa wala kusema "nyinyi hamkumwona".

Jibu lianze na ukweli. Hapana, hakuwahi. Mwaka wa 1976 Waruinge alipewa nafasi mbili za kuwania mkanda wa dunia wa WBC (Baraza la Ndondi la Dunia) na akashindwa zote mbili. Aprili 3 alikuwa jijini Panama dhidi ya mwenyeji, Rigoberto Riasco, na pambano likakoma baada ya raundi ya nane. Novemba 13 alikuwa Culiacán, Mexico, mbele ya Carlos Zárate, naye Zárate akamaliza kazi katika raundi ya nne. Hakuna jaji wa kulaumiwa hapo. Alipigwa. Anayempenda Waruinge, kama ninavyompenda mimi, hana budi kuyameza hayo kwanza.

Baada ya kuyameza, hebu tutazame mizani.

Michezo ya Olimpiki ya Mexico na Munich, Waruinge alicheza uzani wa unyoya, kilo 57. Huo ndio uzani uliomjengea jina. Mkanda aliowania Panama ulikuwa wa super bantam, uzani ambao WBC ilikuwa imetoka tu kuuanzisha, na mwisho wake ni kilo 55.3. Miezi saba baadaye akateremka tena hadi bantam, kilo 53.5. Kwa hiyo tunazungumza juu ya mtu wa miaka 31 aliyeacha zaidi ya kilo tatu njiani ili apande ulingoni na bingwa wa miaka 25. Siku hizo bondia alipimwa uzani siku ile ile ya pambano. Hakukuwa na usiku mzima wa kunywa maji na kula kama wanavyofanya wa leo. Unyevu uliomtoka bondia kwa jasho la mazoezi haukurudi wote kabla ya kengele. Na kitu cha kwanza kumhama mtu aliyekauka ni miguu, kisha uwezo wa kustahimili konde.

Ndipo umlete Zárate. Alipokutana na Mmexico mwenzake Alfonso Zamora Aprili 1977, Zárate alikuwa na mapambano 45, ushindi 45, na 44 kati ya hayo aliyamaliza kabla ya kufika kwa majaji. Sidhani kuna bantam yeyote wa enzi hiyo aliyekuwa salama mbele yake. Nitasema jambo ambalo wazee wa kwetu hawatalipenda: hata Waruinge wa mwaka wa 1968, akiwa na miaka 23 na miguu yake yote, angepigwa na Zárate katika uzani ule. Lile pambano halikupaswa kukubaliwa.

Lakini Waruinge wa 1968 hebu tumwangalie alipokuwa nyumbani kwake, katika kilo zake. Huyu ni kijana wa Nakuru, mji ambao ukumbi wake wa ndondi ulibatizwa jina la ukumbi maarufu wa New York, Madison Square Garden, na mabondia wake wakaustahili ubatizo huo. Alipata shaba ya Jumuiya ya Madola mjini Perth mwaka wa 1962, akiwa na miaka 17, kabla hata Kenya haijapata Uhuru. Akaleta dhahabu ya Michezo ya Afrika kutoka Brazzaville mwaka wa 1965, dhahabu ya Jumuiya ya Madola kutoka Kingston mwaka wa 1966, na nyingine kutoka Edinburgh mwaka wa 1970.

Mexico 1968 ndipo mahali pa kusimama kidogo. Katika nusu fainali alikutana na Antonio Roldán, Mmexico, nyumbani kwa Roldán. Majaji walikuwa watano. Watatu walimpa Roldán, wawili wakampa Waruinge. Roldán akaenda kutwaa dhahabu baada ya mpinzani wake Mmarekani kuondolewa kwa kosa la kupiga kichwa. Waruinge akabaki na shaba. Kisha ikaja tuzo ya Val Barker, ile iliyokuwa ikipewa bondia aliyeonyesha ufundi kuliko wote katika Olimpiki nzima, wa uzani wowote na medali yoyote. George Foreman alikuwa pale na dhahabu yake ya uzani wa juu. Tuzo ikaenda kwa Mkenya mwenye shaba.

Watu husoma habari hiyo haraka wakapita. Mimi hunifanya nirudi nyuma. Waliokuwa na kazi ya kutazama kila pambano walisema kwamba fundi kuliko wote alikuwa yule wa kilo 57 kutoka Nakuru.

Miaka minne baadaye, Munich, alifika fainali akakutana na Boris Kuznetsov wa Umoja wa Kisovieti. Watatu kwa wawili tena, na tena upande wa pili. Kwa hiyo Olimpiki mbili mfululizo, kalamu ya jaji mmoja ndiyo iliyomkosesha. Munich ile ile ndugu yake Samuel Mbugua alipata shaba, na Dick Murunga naye shaba. Kenya haijapata tena kikosi cha ndondi kilichorudi na medali tatu za Olimpiki.

Sasa tujiulize kwa nini mtu kama huyo aligeukia ndondi za kulipwa mwaka wa 1973, akiwa na miaka 28. Hapa ndipo ninapoona kosa, na silioni kuwa lake peke yake. Ndondi za ridhaa zilikuwa ndizo ndondi zetu. Bondia alivaa jezi ya taifa, na heshima yake ilihesabiwa kwa medali. Hapakuwa na njia nyumbani ya kumpeleka kijana wa miaka 23 mwenye tuzo ya Val Barker hadi kwenye mkanda wa dunia hatua kwa hatua: mapambano ya raundi sita, nane, kumi, wapinzani wa kumkomaza, meneja wa kumkatalia pambano baya. Alipoondoka alikwenda Japani, nchi aliyoiona mara ya kwanza kwenye Olimpiki ya Tokyo 1964, na huko akapigana kwa jina la Waruinge Nakayama. Miaka mitano ilikuwa imepita tangu Mexico. Kwa bondia wa uzani mdogo anayetegemea wepesi, miaka hiyo ndiyo yenyewe.

Tena kuna suala la raundi. Ridhaa ilikuwa raundi tatu za dakika tatu tatu. Pambano la ubingwa wa dunia mwaka wa 1976 lilikuwa raundi 15. Ufundi wa dakika tisa na ufundi wa dakika 45 ni ndugu, lakini si mapacha. Katika dakika tisa unaweza kuingia, kugusa, kutoka, na majaji wakahesabu. Katika 45, mwenye konde zito ana muda wa kukusubiri uchoke. Kujifunza hilo ukiwa na miaka 28, ugenini, ni kazi kubwa.

Wapo watakaosema basi angekwenda mapema kama Robert Wangila. Jina hilo nalitaja kwa uchungu. Wangila alipata dhahabu Seoul mwaka wa 1988 kwa kumwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali, akaenda Marekani akiwa kijana kabisa, na mwaka wa 1994 akafariki kutokana na majeraha ya pambano mjini Las Vegas. Hakupata mkanda wa dunia. Boudouani, aliyeangushwa naye, aliupata wa WBA, shirika jingine la ndondi za dunia, mwaka wa 1996. Kuondoka mapema peke yake si dawa. Tulichokosa ni watu wa kumsimamia bondia.

Mkenya aliyeuleta nyumbani mkanda wa WBC wa super bantam, uzani ule ule uliomshinda Waruinge jijini Panama, ni mwanamke: Fatuma Zarika, aliyemshinda Alicia Ashley mjini Flint, Marekani, Oktoba 2016. Miaka arobaini ilikuwa imepita.

Narudi kwa kijana wa pale kinyozi, maana bado sijamjibu sawasawa. Tukimpima Waruinge kwa mikanda, hana. Tukimpima kwa uwezo, naamini alikuwa na nafasi halisi ya ubingwa wa dunia, ila si katika mapambano mawili aliyopewa. Nafasi yake ilikuwa kwenye unyoya, na bingwa wa WBC wa unyoya kwa sehemu kubwa ya mwaka huo wa 1976 alikuwa Mwafrika mwenzake, David Kotey wa Ghana, aliyemnyang'anya Rubén Olivares mkanda mwaka wa 1975. Jambo linalonikosesha usingizi ni hili: Julai 1976 Kotey alikwenda kuutetea mkanda wake Tokyo. Japani! Waruinge alikuwa amefanya makao yake ya ndondi huko huko, na aliyewekwa mbele ya Kotey akawa Shig Fukuyama, aliyedumu raundi tatu.

Ningelipa nauli ya kwenda kulitazama pambano lile ambalo halikuandaliwa. Kilo 57, Waruinge bila kujikausha, dhidi ya bingwa mwenye nguvu lakini anayefikika. Mmarekani Danny Lopez alikuja kumfikia Accra Novemba mwaka huo huo na kumshinda kwa pointi. Nampa Waruinge raundi sita za mwanzo bila wasiwasi, kwa mkono wa kushoto na miguu. Kuanzia ya saba hadi ya kumi Kotey anaanza kumkuta mbavuni na hesabu zinakaribiana. Ya 11 na ya 12 nazigawa nusu kwa nusu. Zile tatu za mwisho ndizo ninazobishana nazo mwenyewe hadi leo.