Kamba Moja ya Nyakati: Maoni Kuhusu Kufundisha Historia na Biblia Nyumbani Hapa Dodoma

Wazazi wanaotaka kuwafundisha watoto wao historia na hadithi za Biblia nyumbani mara nyingi huanza na swali la ununuzi: mtaala upi ni bora, unatoka nchi gani, na unauzwa kwa bei gani. Maoni yangu ni kwamba swali hilo huja mapema mno. Kabla ya kununua chochote, mzazi anapaswa kuamua iwapo historia na Biblia zitakuwa masomo mawili yasiyofahamiana, au habari za ulimwengu mmoja, watu wa aina moja na wakati mmoja unaoendelea. Nimeshikilia msimamo wa pili, na ninaamini kwamba mzazi anayeishi Dodoma, Kongwa, Mpwapwa au Kondoa ana vifaa vya kufundishia vilivyomzunguka kuliko anavyodhani.

Niseme kwanza ninachokusudia ninaposema kufundisha nyumbani. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto wake shule ya msingi na kuhakikisha anahudhuria, na sina nia ya kumshawishi yeyote amwondoe mtoto darasani. Ninazungumzia jioni baada ya chakula, Jumamosi, na likizo ndefu za Juni na Desemba. Mtaala ulioboreshwa mwaka 2023 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili katika shule za msingi, jambo ambalo nalifurahia sana, na kipindi cha dini kipo. Kazi ya kuviunganisha vyote viwili, hata hivyo, ni ya nyumbani, kwa sababu hakuna mwalimu aliyepewa dakika za kuifanya.

Haja ya kuviunganisha inaonekana mara moja ukimuuliza mtoto wa darasa la tano swali jepesi. Anamjua Daudi na Goliathi, anamjua Mkwawa, ameshasikia Vita vya Majimaji. Mwulize nani kati ya Daudi na Mkwawa alitangulia, na kwa muda gani, utaona anababaika. Habari za Biblia amezihifadhi mahali pamoja na hadithi za sungura na fisi, zilizotokea hapo zamani za kale, na historia ya shule ameihifadhi kama orodha ya miaka ya kujibia mtihani. Mtoto huyo akikua na kusikia mtu akisema kwamba Biblia ni ngano tupu, hatakuwa na la kujibu, kwa sababu hata yeye hajawahi kuiweka mahali popote katika wakati.

Kifaa ninachokipendekeza kuliko vyote ni kamba ya katani yenye urefu wa mita nne na nusu, inayofungwa ukutani kuzunguka pembe ya sebule, ikiwa na vibanio vya nguo na vipande vya boksi vilivyokatwa ukubwa wa karata. Sentimita moja ihesabiwe kuwa miaka 10. Mwisho wa kamba upande wa mlango ni mwaka huu tulio nao. Uhuru wa mwaka 1961 unakaa sentimita sita na ushee kutoka hapo. Reli ya kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Dodoma mwaka 1910, kwa hiyo karata yake inakaa sentimita tano hivi tu kabla ya Uhuru, jirani na Majimaji na kifo cha Mkwawa cha mwaka 1898. Kisha mtoto anatembea. Anapita mita mbili nzima kabla hajafika kuzaliwa kwa Yesu, na mita nyingine moja kabla hajamfikia Daudi, aliyetawala karibu na mwaka 1000 kabla ya Kristo. Ibrahimu yuko karibu na ncha ya pili. Ninapenda sana wakati ule mtoto anaposimama kwenye karata ya Daudi na kugeuka kuangalia alikotoka, kwa sababu miguu yake inamweleza urefu wa muda ambao maneno yangu hayawezi kuueleza.

Karata hizi zinahitaji uaminifu. Kuna miaka tunayoifahamu kwa uhakika na kuna miaka ambayo wataalamu wanaendelea kuijadili, na mtoto ana haki ya kujua tofauti hiyo tangu mwanzo. Nashauri karata za uhakika ziandikwe kwa kalamu ya wino na zile za makadirio kwa penseli. Ibrahimu na Musa waandikwe kwa penseli. Kitabu cha Kutoka chenyewe hakimtaji kwa jina Farao aliyeshindana na Musa. Mfalme Ahabu aandikwe kwa wino, kwa kuwa jina lake limo katika jiwe la mfalme Shalmaneseri wa Tatu wa Ashuru linaloeleza vita vya Karkari vya mwaka 853 kabla ya Kristo. Vivyo hivyo Hezekia, ambaye mfalme Senakeribu alijigamba katika maandishi yake kwamba alimfungia Yerusalemu kama ndege katika tundu, bila kudai popote kwamba aliuteka mji huo. Na vivyo hivyo Koreshi wa Uajemi, aliyeuteka Babeli mwaka 539 kabla ya Kristo. Silinda ndogo ya udongo yenye tangazo lake iliokotwa katika magofu ya Babeli mwaka 1879 na imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Uingereza, London. Silinda hiyo haiwataji Wayahudi. Inaeleza jinsi mfalme alivyoyarudisha mataifa na miungu yao makwao, na siasa hiyo ndiyo tunayoikuta katika sura ya kwanza ya Ezra. Mzazi asiongeze chumvi hapa. Mtoto akifundishwa kwamba ushahidi unathibitisha kisichothibitishwa, siku atakapogundua ataanza kuvitilia shaka hata vilivyo kweli.

Afrika nayo ipewe karata zake, na si lazima tuzitafute mbali, kwa sababu Biblia inazo. Tirhaka, mfalme wa Kushi (ufalme wa kale kusini mwa Misri) anayetajwa katika 2 Wafalme 19, ndiye Taharqa, aliyetawala Misri na nchi ya Kushi kuanzia mwaka 690 hadi 664 kabla ya Kristo na ambaye piramidi yake ingali Nuri, nchini Sudani. Ebedmeleki, aliyemtoa Yeremia shimoni kwa kamba na matambara ili kwapa zake zisichubuke, alikuwa Mkushi. Yule towashi aliyekuwa akisoma kitabu cha Isaya garini, katika Matendo 8, alikuwa mtunza hazina wa Kandake malkia wa Kushi. Watoto wetu wameona picha nyingi za Biblia ambamo hakuna hata uso mmoja unaofanana na wao, na nadhani ni wajibu wetu kuwaonyesha kwamba upungufu huo ni wa mchoraji, maandiko yenyewe hayana upungufu huo.

Hapo nafika kwenye jambo ninalolisisitiza kuliko mengine, nalo ni mazingira ya hapa kwetu. Vitabu vya rangi kutoka Ulaya na Marekani huchora nyumba ya Kapernaumu ikiwa na paa la mgongo na vigae, halafu mtoto anashangaa wale watu wanne walimpandishaje mgonjwa aliyepooza na kutoboa bila kuanguka. Mpeleke mtoto huyo kwenye tembe la Kigogo, maana bado yapo vijijini. Aone paa lililo bapa, nguzo za mti, fito zilizopangwa, nyasi, na juu yake udongo ulioshindiliwa. Aone mahali bibi anapoanikia mboga na nafaka. Akitoka hapo amesomewa Marko 2, atakuambia mwenyewe kwamba ukichokora udongo na kuondoa fito, shimo la kumshushia mtu linapatikana, na kwamba waliokaa chini lazima waliangukiwa na vumbi. Ataelewa namna Rahabu alivyowaficha wapelelezi chini ya mabua ya kitani juu ya nyumba yake, kwa nini Petro alikwenda darini kuomba, na kwa nini Kumbukumbu la Torati 22 inaagiza kujenga ukingo kuzunguka dari ili mtu asianguke. Hakuna kitabu cha kuchorea kitakachompa haya.

Zabibu ni darasa jingine, na hili watoto wa mikoa mingi ya Tanzania hawalipati. Katika mashamba ya Mpunguzi, Hombolo na Mvumi mtoto anaweza kumwona mkulima akipogoa mizabibu kwa mkasi mpaka mti unabaki kama umeadhibiwa, kisha baada ya miezi michache ukabeba vichala. Yohana 15 ikisomwa shambani hapo haihitaji mahubiri marefu. Mwache achukue matawi yaliyokatwa na ajaribu kutengeneza nayo chochote, hata kigingi cha kutundikia kitu. Akishindwa, msomee Ezekieli 15, ambako nabii anauliza swali hilohilo. Kisha habari ya Nabothi, aliyekataa kumpa Ahabu shamba la mizabibu la baba zake, itamgusa mtoto ambaye amewasikia watu wazima wakizungumzia viwanja na mipaka katika jiji linalopanuka kila mwaka. Ukame sihitaji kuueleza sana. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, tangu Desemba hadi Aprili, na mtoto aliyeona watu wakichimba mchanga wa korongo kutafuta maji anaelewa kijito cha Kerithi kilichokauka mbele ya Eliya.

Kwa upande wa historia, wazee ndio maktaba yetu ya kwanza. Bado wapo waliohamishwa katika Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, serikali ilipowakusanya Wagogo katika vijiji vya ujamaa, na kila mmoja ana la kusimulia: nyumba aliyoiacha, umbali aliotembea, mifugo ilivyogawanywa. Mtoto aandae maswali yake mapema, amwamkie bibi kwa heshima zote, amsikilize bila kumkatiza, kisha aandike. Kuna pia Mtunya, ile njaa kuu ya kati ya 1917 na 1920, iliyotokea baada ya majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza kuchukua nafaka, mifugo na wapagazi wa Ugogo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, halafu mvua nazo zikakatika. Nawasihi wazazi wasiifiche habari hii kwa kuogopa kumhuzunisha mtoto. Isomwe kando ya habari za Yusufu na maghala ya Misri, na mtoto aulizwe nani aliyeweka akiba, nani aliyeichukua, na kwa nini matokeo yalitofautiana.

Kongwa inatosha kwa wiki nzima ya likizo. Huko ndiko serikali ya Uingereza ilikoanzisha mradi wa karanga mwaka 1947, ikiwa na ndoto ya kulima ekari milioni tatu hivi katika Tanganyika na nchi jirani. Ardhi iliyokauka ilikuwa ngumu kama saruji, mitambo iliharibika, mvua haikutosha, na kufikia mwaka 1951 mradi ulikuwa umeachwa. Luka 14 inamtaja mtu aliyeanza kujenga mnara bila kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Viweke viwili hivyo mbele ya mtoto wa miaka 11 na umwache azungumze. Mahali hapohapo, kuanzia miaka ya 1960, waliishi na kupata mafunzo wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, Samora Machel akiwa mmoja wao. Anayeweza kumudu nauli aende pia Kolo, upande wa Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006.

Vifaa vya kununua sivipingi. Mitaala ya kutoka nje ina mpangilio mzuri, hasa ile inayomtaka mtoto asimulie kwa maneno yake kile alichosomewa, na njia hiyo ni yetu tangu enzi za moto wa jioni. Tatizo lake ni lugha, bei, na kwamba mingi niliyoipitia hutaja Misri kisha huiacha Afrika mpaka biashara ya utumwa. Kwa hiyo mzazi achukue mpangilio na aache mengine. Biblia ya Kiswahili ya Union Version ya mwaka 1952 inafaa kwa kukariri mistari, na Biblia Habari Njema inafaa zaidi kwa kuwasomea wadogo. Chama cha Biblia cha Tanzania kina makao yake hapahapa Dodoma. Vitabu vya kiada vya historia vinasomeka katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Na mwenye bahati ya kukipata kitabu cha Mathias Mnyampala kuhusu historia, mila na desturi za Wagogo, kilichotoka mwaka 1954, akitunze. Mwana huyo wa Ugogo, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969, aliandika historia ya watu wake na pia akaitunga Injili kwa utenzi, na sioni kama aliona kazi hizo mbili zina ugomvi wowote.

Tunachokikosa ni kitabu cha watoto, kwa Kiswahili chepesi, chenye ramani ya Kanaani na ramani ya Tanzania ya kati katika jalada moja, picha zilizochorwa na mtu aliyewahi kuingia ndani ya tembe, na mstari wa nyakati unaoanzia kwa Ibrahimu na kufika Dodoma ya leo. Walimu wa shule za Jumapili, wachapishaji wa makanisa na wachoraji wa mkoa huu wanaweza kukiandaa pamoja. Ningependa waanze na sura ya Mtunya, maana wanaoweza kusimulia yale waliyoyasikia kwa wazazi wao wamebaki wachache sana.