Pakiti, Robo na Gorogoro

Muulize mama yeyote wa Kisumu vipimo vya mandazi ya harambee, atakutajia palepale: unga pakiti moja, sukari robo, hamira vijiko viwili. Wakenya wenzangu huku Marekani hupenda kusema mapishi ya nyumbani hayana vipimo, eti ni kukisia tu. Mimi nakataa. Pakiti ni kilo 2, robo ni gramu 250, na mwenye duka amekupimia kabla hujawasha jiko. Huo ni uzito kamili.

Wanaokisia ni wenyeji wetu huku. Kwao kila kitu ni kikombe, na kikombe chao ni kama mililita 237, wakati cha Australia ni 250. Kwa maji na maziwa sina neno. Shida iko kwenye unga. Ukiutia kikombeni kwa kijiko, polepole, kisha ukasawazisha juu kwa kisu, utapata gramu 120 hivi. Ukichovya kikombe chenyewe kwenye mfuko wa unga, unga unashindiliwa na waweza kufika 150. Sasa chukua pakiti yetu ya kilo 2: kwa yule wa kijiko ni vikombe 16 na nusu na ushee, kwa yule wa kuchovya ni 13 na kidogo. Wote wawili watakuambia wamefuata maelekezo, na mmoja atatoa chapati ambazo hazikunjiki.

Sukari nayo ina hesabu yake. Kikombe chake kina gramu 200, kwa hiyo robo yetu ni kikombe kimoja na robo. Ndiyo maana hakuna jedwali moja la kugeuza gramu kuwa vikombe. Kila kitu lazima kiwe na lake. Na ukiambiwa kwa simu "weka pakiti moja", usimwage mfuko mzima wa hapa. Ule wa kawaida ni wa pauni 5, karibu kilo 2 na gramu 270. Nunua mizani ndogo ya jikoni, weka bakuli juu yake, irudishe kwenye sifuri, pima. Mapishi ya mama yatatoka jinsi alivyoyasema.

Kwa hiyo jikoni, nyumbani tumewashinda. Sokoni ndipo tunaposhindwa, na hili linaniuma zaidi kuliko mandazi.

Pale Kibuye, soko kubwa la Kisumu, kama ilivyo Luanda ya kaunti ya Vihiga na masoko mengine ya magharibi mwa Kenya, mahindi, maharagwe na omena, yaani dagaa, hupimwa kwa gorogoro, ule mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo 2. Kitu kikavu na chepesi kama omena hakiwezi kuwa na uzito sawa na maharagwe ndani ya mkebe uleule, hilo kila mtu analijua. Lakini iko mikebe ambayo kitako chake kimegongwa kikaingia ndani. Ukiutazama kwa juu umejaa, tena una kilele, na mnunuzi anaondoka akishukuru nyongeza. Huko vijijini mambo hugeuka: dalali anayenunua mahindi kwa mkulima huja na mkebe wake, na huo kitako chake hakijaingia ndani hata kidogo, kilele nacho anakidai kirefu.

Anayeumia ni yule yule siku zote: mkulima wa gunia mbili tatu, na mama anayenunua gorogoro moja kwa sababu pesa ya kununua debe hana. Wauzaji wengi ni waaminifu, na wao pia wanaharibiwa jina na mikebe hiyo. Huku nilipo, hata nyanya mbili unaziweka kwenye mizani mwenyewe kabla hujafika kwa keshia, na mzani wa keshia una kibandiko cha mkaguzi.

Ningependa kaunti ziweke mizani iliyokaguliwa kwenye lango la kila soko, ya bure, ili anayetaka kurudia kupima alichonunua apime palepale muuzaji akiwa anaona. Gorogoro ibaki kama watu wanaipenda, ila iwe na muhuri, na yenye kitako kilichogongwa ichukuliwe.